Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kazi ya ushauri wa kampeni za siasa

Naandika hii kwasababu maswali yanayonifikia yanajirudia, na msimu wa uchaguzi ukikaribia ndo yanamiminika kabisa. Nimeyaacha yalivyo. Mengine jibu lake ni refu, mengine sentensi mbili zinatosha, msinilaumu.

Hii kazi ni nini hasa? Si ndo kuandikia watu hotuba?

Hotuba ni kipande tu na mara nyingi sio hata kipande kikubwa. Mshauri wa kampeni analipwa amsaidie mgombea, au chama, au upande mmoja wa kura ya maoni, kujibu mambo manne: kura zinazotosha ni ngapi, ziko kwa nani, hao watu tuwaambie nini, na hela na muda tulionao vitatufikisha wapi. Mengine yote, mabango, fulana, magari ya matangazo, klipu za sekunde 30, yanatakiwa yatokane na hayo manne, ingawa kwenye kampeni nyingi inakuwa kinyume, yani fulana zinachapwa kwanza alafu ndo watu wanakaa kuulizana tunasema nini.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Tuseme eneo lina waliojiandikisha 100,000 na uchaguzi uliopita walijitokeza 60 katika kila 100, basi tegemea kura kama 60,000. Mkiwa wawili unahitaji 30,001. Mkiwa watatu wenye nguvu zinazokaribiana hata 23,000 zinaweza kukupitisha kama sheria inasema mwenye nyingi ndo mshindi, ila kama sheria inadai nusu na zaidi inabidi ufikirie na duru ya pili, nani ataangukia upande wako akitolewa yule wa tatu, na kwahiyo usimtukane sana duru ya kwanza. Ukishapata hiyo namba unawagawa watu: wako kabisa, wa mpinzani kabisa, na wa katikati. Wa kwako unahakikisha wanatoka nyumbani siku ya kura. Wa katikati unaongea nao. Wa mpinzani unawaacha. Ungeshangaa ni wagombea wangapi wanamalizia muda wao wote kubishana na hilo kundi la mwisho.

Alafu ndani ya fani kuna vijikazi: wa utafiti wa maoni, wa matangazo, wa mitandao, wa kuchangisha fedha, wa kuchimba rekodi za wagombea (wa kwako kwanza, wa mpinzani baadae), wa sheria, na wa uwanjani anayepanga timu za nyumba kwa nyumba na mawakala wa vituoni. Ukisikia mtu anasema anafanya yote peke yake, muulize vizuri.

Ilianza lini?

Kusaidiana kwenye siasa ni jambo la zamani, lakini kama biashara yenye ofisi na bili, kampuni inayotajwa kuwa ya kwanza ni Campaigns, Inc. ya California, ilianzishwa 1933 na Clem Whitaker na Leone Baxter, ambao baadae walioana. Kabla ya hapo kampeni zilikuwa mikononi mwa mabosi wa vyama na jamaa zao. Mwaka 1969 washauri wengine wakaanzisha chama cha washauri wa siasa Marekani, na kuanzia hapo ikawa fani inayojulikana, ikasambaa nchi nyingi.

Kwahiyo mnauza watu kama sabuni?

Naisikia hii kila wiki. Kuna ukweli ndani yake, mbinu nyingi tumezichukua kwa watu wa matangazo ya biashara kweli. Mwaka 1981 Ufaransa, François Mitterrand alikuwa ameshagombea urais mara mbili akashindwa, akaja mtu wa matangazo Jacques Séguéla na bango lenye kijiji na kanisa kwa nyuma na maneno yanayomaanisha nguvu tulivu, akashinda. Uingereza nako kampuni ya Saatchi & Saatchi ilitoa bango 1978 kwa ajili ya chama cha Conservative, foleni ndefu ya watu wasio na ajira. Kumbe kwenye ile foleni walikuwa vijana wachache tu wa chama hichohicho, wakapigwa picha mara kadhaa zikaunganishwa foleni ikajaa. Mwaka uliofuata Margaret Thatcher akaingia madarakani.

Ila sabuni isipokufaa kesho unanunua nyingine. Huyu anakaa miaka minne au mitano na anasaini sheria. Hapo ndo mfano wenu unapoishia na ndo sababu mi huwa nawachekecha wateja zaidi ya wenzangu, nitaeleza hapo chini.

Ni nini kinamsukuma mtu afanye kazi hii? Ni hela au siasa yenyewe?

Hili nitakaa nalo kidogo kwasababu ndo swali lenyewe.

Wako walioingia kwa hasira. Mtu alimuona ndugu yake akidhulumiwa na mwenye cheo, akasema hawa lazima watoke. Hasira inakuamsha alfajiri bila saa, shida yake ni kwamba inakuchagulia adui badala ya kukuchagulia mgombea, kwahiyo mtu wa hasira atamfanyia kazi yeyote anayegombana na adui yake, hata kama huyo yeyote ni mbaya kuliko adui mwenyewe. Nimeliona sana hilo.

Wako wa imani, hawa wamesoma ilani mpaka ukurasa wa mwisho, wanaamini hospitali zitajengwa na watoto watasoma. Ndo wanaolala ofisini juu ya maboksi ya vipeperushi bila kudai posho. Na ndo wanaoumia zaidi mheshimiwa akishaapishwa akaacha kupokea simu.

Wako wanaopenda ukaribu na wakubwa, kupiga picha, kuwa na namba ya waziri, kuingia kwa geti la nyuma. Hawa hawajifichi sana, utawajua kwa posti zao.

Alafu tupo sisi wa mchezo, najitaja kabisa, na nadhani ndo wengi kati ya wanaodumu. Kazi nyingi duniani hujui kama umefanya vizuri, unasubiri bosi akujazie fomu ya tathmini, unapandishwa cheo kwasababu mnafahamiana au hupandishwi kwasababu hamfahamiani. Huku kuna tarehe, ipo kwenye kalenda tangu mwaka jana, na usiku wa siku hiyo namba zinatoka mbele ya nchi nzima, ulichokisema kwenye kikao miezi sita iliyopita kwamba wanawake wa upande wa kaskazini ndo watakaoamua, unakiona kimetokea au hakijatokea. Hiyo kitu inalevya jamani. Ndo maana unamkuta mtu kaapa hagusi tena kampeni, uchaguzi ukitangazwa tu yuko ofisini anauliza daftari la wapiga kura liko wapi.

Sasa angalieni kitu kimoja, sababu zote hizo, ya hasira, ya imani kwa sehemu kubwa, ya mchezo ndo kabisa, zinaishia siku ya kura. Hakuna inayovuka mpaka siku ya pili. Kwahiyo kijana akija kuniuliza aingie au asiingie namrudishia swali moja tu: akishinda je? Simaanishi utapata nini akishinda. Namaanisha huyu mtu akikaa kwenye kile kiti, akigawa bajeti, akiteua majaji na wakurugenzi, akikasirika saa saba usiku na simu ya mkuu wa polisi iko mkononi mwake, we ungetaka akuongoze wewe na mama yako? Watu wanajiandaa sana kwa kushindwa, wana mpaka hotuba ya kukubali matokeo kwenye droo. Mteja kushinda ndo hawajiandai kabisa, na ukiwa mzuri kwenye hii kazi hicho ndo kitatokea mara nyingi.

Hela ipo?

Ipo lakini haiji kama mshahara wa ofisini. Kuna ada ya kila mwezi, kuna bonasi ya ushindi, na kuna kamisheni, yani mshauri anakatiwa asilimia fulani ya hela ya matangazo inayopita mikononi mwake. Hiyo ya tatu iangalieni kwa macho mawili. Mtu anayelipwa asilimia ya matangazo ya televisheni hatakwambia kwamba televisheni haisaidii na hizo hela zingepelekwa kwa vijana wa nyumba kwa nyumba, hata kama anajua. Sisemi wote ni wezi, nasema mkataba unamfundisha mtu aone nini na asione nini.

Pia jueni mgombea aliyeshindwa halipi madeni, na aliyeshinda yuko bize. Chukua chako mapema, mwezi kwa mwezi, na sehemu ya mwisho iwe imeingia kabla ya siku ya kura. Na kati ya uchaguzi na uchaguzi kuna ukame mrefu, wengi wanajishikiza kwenye utafiti wa masoko, mawasiliano ya taasisi, mafunzo.

Ni lazima niamini sera za mgombea?

Washauri hawakubaliani hapa. Kuna waliofanya kazi pande zote, Dick Morris alimshauri rais wa Marekani Bill Clinton wa chama cha Democratic kuelekea uchaguzi wa 1996 wakati huko nyuma alishafanya kazi na wagombea kibao wa Republican, chama pinzani. Na kuna walioshikilia upande mmoja mpaka nyumbani: mwaka 1992 James Carville alikuwa anaendesha mkakati wa Clinton huku mpenzi wake Mary Matalin yuko kwenye kampeni ya George Bush mkubwa, uchaguzi ukaisha, 1993 wakaoana, na kila mtu akabaki na chama chake.

Msimamo wangu ni kwamba sihitaji kukubaliana na kila mstari wa ilani, hata mgombea mwenyewe wakati mwingine hakubaliani nayo. Nahitaji kujua hatoiba na hatopiga watu. Kama nina wasiwasi na mojawapo, siendi, na hapo sijadiliani.

Hivi kampeni kweli zinabadilisha mawazo ya mtu?

Kidogo kuliko tunavyowaambia wateja. Watafiti Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 yaliyofanywa uwanjani Marekani wakachapisha 2018, wakaona kwamba kwenye uchaguzi mkuu, makadirio bora ya athari ya kuongea na watu na matangazo katika kuwahamisha wapiga kura kutoka mgombea mmoja kwenda mwingine ni sifuri. Sifuri, ndio mmesoma vizuri. Watu wengi huko wameshaamua kwa chama chao siku nyingi.

Kinachosogea ni nani atatoka nyumbani. Alan Gerber na Donald Green walifanya jaribio mji wa New Haven mwaka 1998, wakapeleka watu kugonga milango na kuongea uso kwa uso, wengine wakatumiwa barua, wengine wakapigiwa simu na vituo vya kulipwa. Waliofikiwa mlangoni walijitokeza zaidi kwa takriban pointi 8 au 9. Barua ilisogeza kidogo tu. Simu zile hazikusaidia kitu. Wazee wa siasa waliokuwa wanasema nyumba kwa nyumba, kitanda kwa kitanda, walikuwa wanajua bila chuo kikuu.

Na kuna mahali kampeni inabeba uzito kweli, pale watu wanapoogopa au hawajui kama kura yao ina maana. Chile 1988 ndo mfano ninaoupenda. Jenerali Pinochet aliitisha kura ya ndio au hapana aendelee kutawala, upinzani ukapewa dakika 15 tu za televisheni kila usiku kwa siku 27. Wengi walitaka dakika hizo zijae mateso na waliopotea, na walikuwa na haki ya kutaka hivyo. Waliotengeneza kipindi wakaona watu walioogopa ukiwaogopesha zaidi watakaa ndani, wakajaza upinde wa mvua, watu wanaocheka, nchi itakavyokuwa baadae, na maumivu wakayaweka kwa kiasi. Tarehe 5 Oktoba hapana ikapata karibu asilimia 56.

Ujumbe mnautengenezaje?

Tunaanza na karatasi yenye vyumba vinne: tunasema nini kuhusu sisi, tunasema nini kuhusu wao, wao wanasema nini kuhusu wao, wao wanasema nini kuhusu sisi. Chumba cha nne ndo kinachokimbiwa, mgombea hataki kabisa kukijaza, na ndo chenye maana kuliko vyote manake ndo utakachoulizwa kwenye mdahalo.

Alafu namkalisha mgombea, naweka simu mezani inarekodi, namuuliza kwanini unataka nafasi hii. Jibu la kwanza karibu kila mara ni lilelile, wananchi wameniomba. Kuna mmoja alinijibu wazee wameniomba nigombee, nikamwambia nitajie mzee mmoja. Kimya. Akanywa maji yote kwenye glasi. Tukarudia, akaniletea maendeleo, vijana, akina mama, maneno ya kwenye kipeperushi. Mara ya tatu akachoka, akasema kwa sauti ya chini tu kama analalamika, kwamba pale kwao mvua ikinyesha watoto wa ng'ambo ya mto hawavuki, na yeye alikosa mtihani wake kwa ajili ya ule mto, na mpaka leo hakuna daraja. Nikazima simu. Hotuba ilikuwa imeshaandikwa.

Msidhani ni wagombea wadogo tu wanaokwama hapo. Novemba 1979 seneta Edward Kennedy, kutoka ukoo uliozoea kushinda, aliulizwa na Roger Mudd, mtangazaji wa televisheni ya CBS, kwanini anataka kuwa rais, akasitasita, akazungukazunguka, jibu halikuwa na kichwa wala miguu, na nchi nzima ikaona. Mwaka uliofuata chama chake kikamchagua Jimmy Carter ndo awe mgombea, sio yeye.

Ukishaupata ujumbe kazi ni kuurudia mpaka wewe mwenyewe unataka kutapika, manake siku unayouchoka wewe ndo siku mpiga kura anausikia mara ya kwanza. Ofisi ya Clinton ya Little Rock 1992 Carville alibandika vitu vitatu tu ukutani: mabadiliko dhidi ya yaleyale, uchumi, na msisahau huduma ya afya. Vitatu. Mi nimeshaona kampeni ina vipaumbele 17, na mgombea mwenyewe hawezi kuvitaja bila kusoma.

Utafiti wa maoni unaaminika? Si mnaulizaga watu elfu moja tu?

Elfu moja wakichaguliwa kwa bahati nasibu vizuri wanatosha kukupa jibu ndani ya pointi 3 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Ukitaka uipunguze hiyo 3 iwe nusu yake unahitaji watu mara nne, kama 4,000, ndo maana wengi wanabaki na elfu. Kinachoharibu ni namna ya kuwachagua. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilipata majibu ya zaidi ya watu milioni 2, likatangaza Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina walikuwa wameyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, na isitoshe aliyejibu ni yule aliyejisikia kujibu tu.

Kwahiyo ile kura ya mtandaoni unayoniletea, bonyeza moyo kwa fulani, cheka kwa fulani, tafadhali usiniletee.

Na mitandao? Si siku hizi kila kitu ni data?

Data inasaidia pale unapojaribu vitu vidogo na kupima. Kampeni ya Obama mwishoni mwa 2007 walijaribu picha na vitufe tofauti kwenye ukurasa wa watu kujiandikisha, timu yenyewe ilikuwa inaamini video ndo itashinda, kumbe iliyoshinda ni picha ya familia na kitufe kilichosema jifunze zaidi, waliojiandikisha wakapanda kutoka asilimia 8.26 mpaka 11.6. Huo ndo uzuri wake, inakunyamazisha na maoni yako.

Uchawi wa kusoma akili za watu ni biashara ya maneno kwa kiasi kikubwa. Cambridge Analytica walijinadi hivyo, ikaja kugundulika data za watu wa Facebook zilichukuliwa bila ridhaa yao, Facebook wenyewe wakasema ni mpaka watu milioni 87, na kampuni ikafungwa 2018. Kitendo cha kuchukua data za watu kinatisha. Kwamba ndo kilichoshindisha watu, mi siamini.

Kampeni chafu nazo mnafundisha?

Kusema rekodi ya mpinzani sio uchafu. Alipiga kura gani bungeni, alitumiaje fedha za umma, aliahidi nini hakufanya, hayo mpiga kura anastahili kuyajua na kama wewe husemi unamnyima. Uchafu unaanza kwenye uongo, kwenye familia ya mtu, na kwenye kuchonganisha watu kwa kabila, dini au rangi.

Na tuwe wakweli, fani yetu ilizaliwa na huo uchafu. Whitaker na Baxter niliowataja juu, mwaka 1934 waliajiriwa kumzuia mwandishi Upton Sinclair asiwe gavana wa California. Wakajifungia na vitabu vyake, wakachomoa maneno ambayo wahusika wake wa hadithi wanasema, magazeti yakayachapa kila siku kama vile ni maoni ya Sinclair mwenyewe. Alishindwa na Frank Merriam. Ukisoma habari hii halafu ukaangalia klipu zilizokatwakatwa zinazozunguka kwenye simu leo, utaona kilichobadilika ni mashine tu.

Kununua kura hata usiniulize. Ni kosa la jinai sehemu kubwa ya dunia, na mtu aliyenunuliwa na wewe asubuhi ananunulika na mwingine mchana.

Nikiitwa nchi nyingine niende?

Wengi wanaenda. Washauri wa Marekani walikuwa Moscow 1996 wakimsaidia rais wa Urusi Boris Yeltsin, kimyakimya hotelini. Paul Manafort alikaa miaka Ukraine na Viktor Yanukovych mpaka akashinda urais 2010, na baadae 2018 Manafort huyohuyo akatiwa hatiani Marekani kwa makosa ya kodi na benki, na akakiri kula njama iliyohusu kufanya kazi ya wageni bila kujisajili, alafu 2020 akasamehewa na rais. Nchi nyingi zina sheria kuhusu wageni kushiriki kampeni na hela za kutoka nje, soma kwanza ndo ukate tiketi. Na lile swali langu la akishinda je huku ndo linakuwa rahisi kulisahau, manake wewe utapanda ndege, wenyeji watabaki naye.

Kitu gani kigumu kuliko vyote kwenye kazi yenyewe?

Wapambe. Sio wapinzani, ni wapambe, au chawa kama wanavyoitwa siku hizi. Unaingia kwenye kikao cha mkakati na karatasi yako inaonyesha mgombea yuko nyuma pointi 6, chumba kimejaa watu ambao hujui nani kawaita, kabla hujafika mstari wa pili mmoja ananyanyua simu, mheshimiwa angalia komenti hizi, tumeshamaliza huku, saa nne asubuhi tumeshinda. Wanacheka, wanapiga meza. Mgombea anakuangalia wewe kama ndo umeleta mkosi. Na usiwadharau, mtu aliyechoka, anayetukanwa kutwa nzima kwenye redio, anahitaji kusikia anapendwa. Nilichojifunza ni kutokutoa habari mbaya mbele ya watu. Namvizia kwenye gari asubuhi, tukiwa wawili na dereva, namba moja na pendekezo moja, basi.

Wanawake wana nafasi?

Fani imeanzishwa na mwanamke kwa nusu yake, Leone Baxter huyo. Na 2016 Kellyanne Conway alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kampeni ya urais Marekani iliyoshinda. Lakini njia ni ngumu, vikao ni usiku, safari ni za ghafla, na matusi ya mitandaoni kwa mwanamke ni ya aina yake. Dada zangu, mkataba wenu uandike kabisa usafiri wa usiku na malazi, msiache iwe hisani.

Familia na afya inakuwaje?

Miezi mitatu ya mwisho hauna familia wala afya. Waambie mapema, na usiweke harusi ya mtu ndani ya msimu.

Mgombea akishindwa unafanyaje?

Kwanza hakikisha kweli kashindwa, fomu za matokeo za vituo vyote ziko mkononi, zimejumlishwa na watu wako na sio kwa kusikia redioni. Kama kuna sababu ya kwenda mahakamani, wakili anaziomba hizo fomu usiku uleule. Kama hakuna, kura hazikutosha, mwambie mwenyewe, mapema, kabla wapambe hawajamwambia ameibiwa. Akubali kwa heshima. Alafu wiki hiyohiyo andika ripoti, wapi tulipata pungufu ya tulivyotegemea na kwanini, manake baada ya mwezi kila mtu atakuwa na hadithi yake nzuri.

Nasoma nini ili niingie, na nikikutumia CV utanipa kazi?

Digrii yoyote inafaa, takwimu na uandishi vinasaidia kuliko sayansi ya siasa, nitatukanwa kwa hilo. Anza kujitolea kwenye kampeni ndogo, ya udiwani au hata ya serikali ya wanafunzi, kwenye ndogo utashika kila kitu, kwenye kubwa utapewa kubeba viti. Gonga milango mwenyewe kabla hujamwelekeza mtu kugonga.

CV usinitumie. Chukua matokeo ya uchaguzi uliopita ya eneo unaloishi, kituo kwa kituo, uniambie aliyeshindwa angepata wapi kura zilizopungua, angewaambia nini hao watu, na kwanini unadhani alistahili kuzipata. Ukurasa mmoja. Ukifika wa pili siusomi.